Matayarisho ya Safari za Nyika ya Kaskazini: Kutoka Misafara ya Pangani Hata Hifadhi za Ziwa Turkana

Mtu akitaka leo kwenda kuzitazama hifadhi za taifa zilizoko katika Ziwa Turkana na kando yake, kaskazini ya mbali ya Kenya, huanza kwa kuulizia mambo machache: njia ipi yapitika, maji yatapatikana wapi, nani ataongoza, na chakula kichukuliwe cha siku ngapi. Maswali haya yaonekana kuwa ya siku zetu, kwa sababu mwulizaji ameinamia ramani iliyopigwa chapa, na hesabu zake ni za petroli na magurudumu. Lakini kwa hakika ni maswali ya zamani. Yaliulizwa kwa Kiswahili katika baraza za Pangani na Mombasa zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita, na walioweza kuyajibu walikuwa watu wa pwani, ambao jina la hata mmoja wao halikutiwa katika ramani ya ziwa lile.

Nia ya makala haya ni kueleza namna safari ya kaskazini ilivyotayarishwa katika siku za misafara, na kwa njia hiyo kuipima fikira moja iliyozoeleka mno: kwamba nchi ile ilikuwa tupu, isiyojulikana na mtu, mpaka Wazungu wawili walipoifikia mwaka wa 1888. Mwandishi ni mwalimu wa lugha, wala hajidai kuwa mwanahistoria. Lakini maneno nayo ni ushahidi, na maneno ya msafara yangali vinywani mwetu, ijapokuwa mengine yamebadili maana.

Yafaa kwanza tuijue nchi yenyewe. Ziwa Turkana lina urefu wa kilomita 250 hivi, kutoka mlango wa Mto Omo, penye mpaka wa Ethiopia, hata miamba myeusi ya volkano iliyo kusini. Mto Omo peke yake huleta kama sehemu tisa katika kumi za maji yote yaingiayo ziwani. Hakuna mto utokao. Jua na upepo ndivyo vinavyoyapunguza maji, na kwa hiyo maji ni ya magadi. Upepo wa kusi-mashariki huvuma kwa nguvu nyingi, na joto la mchana hufikia digrii arobaini. Katika nchi hii kuna hifadhi tatu za taifa: Sibiloi, ukingoni mwa mashariki, iliyowekwa mwaka wa 1973 na yenye eneo la kilomita za mraba 1,570 hivi, na visiwa viwili vya volkano, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini. Sibiloi na Kisiwa cha Kati viliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 1997, na Kisiwa cha Kusini kikaongezwa mwaka wa 2001.

Sasa na turudi nyuma. Tunasoma katika vitabu vingi kwamba ziwa hili liligunduliwa mwanzoni mwa Machi 1888 na Count Samuel Teleki, mkabaila wa Hungaria, pamoja na Luteni Ludwig von Höhnel, mwanamaji wa Austria, nao wakaliita Rudolf kwa heshima ya mrithi wa ufalme wa nchi yao. Kwamba walifika, hapana shaka. Na kitabu alichokiandika von Höhnel ni hazina ya habari. Lakini neno kugundua lataka kuangaliwa. Waliokaa ukingoni walikuwa wakilijua ziwa hilo tangu zamani, kila kabila kwa jina lake. Von Höhnel mwenyewe aliandika kwamba kabla ya kulifikia waliambiwa habari za Basso Narok na Basso Naebor, yaani ziwa jeusi na ziwa jeupe. Narok ni neno la Kimaa na la Kisamburu kwa kitu cheusi, lile lile lililo katika jina la mji wa Narok. Waturkana kwa upande wao huliita Anam Ka'alakol, bahari ya samaki wengi. Nchi isiyojulikana na mtu haiwi na majina.

Hali kadhalika, habari za ziwa zilikwisha kufika pwani. Mwaka wa 1870 mmisionari Thomas Wakefield, aliyekaa Ribe karibu na Mombasa, alichapisha katika jarida la Chama cha Jiografia cha Kifalme cha London maelezo ya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara. Maelezo yale hayakuwa ya macho ya Wakefield. Aliyapokea kwa mdomo kutoka kwa Sadi bin Ahedi, kiongozi wa misafara. Sadi aliwataja watu wa kila nchi, kituo baada ya kituo, na mahali pa maji na pasipo maji. Kwa habari za namna hii, zilizotoka kwa wafanya biashara ya pembe, wachoraji wa ramani wa Ulaya walipata kulitia ziwa lililoitwa Samburu katika ramani zao kwa kukisia, kabla Teleki hajaondoka kwao. Twaweza kusema, basi, kwamba ziwa liliingia kwanza katika ramani kwa masikio, na masikio hayo yalikuwa yakisikiliza Kiswahili.

Miongoni mwa watu hao aliyekuwa mashuhuri kupita wote katika njia ya kaskazini ni Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanya biashara ya pembe, mtu mwenye jicho moja na uso uliopigwa na ndui. Mwaka wa 1883 Joseph Thomson, Mskoti kijana, alijaribu kuingia Umasaini akashindwa, kwa sababu msafara wa Mjerumani Gustav Fischer ulikuwa umetangulia na kupigana na Wamasai. Ikambidi arudi Taveta, na kutoka Taveta arudi mbio mpaka Mombasa kuongeza bidhaa. Alipotoka mara ya pili alisafiri pamoja na msafara wa Jumbe Kimemeta, na safari hii akavuka Umasaini hata Baringo na zaidi. Miaka mitatu baadaye Teleki alipofika Unguja, mwezi wa Oktoba 1886, alifanya kama mtu mwenye akili apasavyo kufanya: alimtafuta Jumbe Kimemeta, akafanya mapatano naye. Uamuzi huo mmoja ulikuwa na thamani kuliko shehena yote aliyoileta kutoka Ulaya.

Tuangalie sasa matayarisho yenyewe, maana hapo ndipo elimu ya msafara ionekanapo. Jambo la kwanza ni watu. Msafara ulioondoka Pangani mwanzoni mwa 1887 ulikuwa na watu wapatao mia nne. Walikuwamo wapagazi, askari, wapishi, na kikosi cha Wasomali chini ya Qualla Idris. Kila kundi la wapagazi lilikuwa na mnyapara wake, na mbele ya wote alikwenda kirangozi, mshika njia, ambaye hapana mtu aliyeruhusiwa kumtangulia. Mshahara wa mpagazi, kwa desturi ya siku zile, ulikuwa riale tano kwa mwezi, na sehemu yake hutangulizwa kabla ya kuondoka. Lakini lazima tuseme ukweli wote: wengi wa wapagazi wa pwani walikuwa watumwa, na bwana zao waliokaa nyumbani walipokea sehemu ya mshahara ule. Mtu alibeba mzigo miezi ishirini, na nusu ya jasho lake ikaliwa na mwenziwe aliyekaa kivulini. Anayeisifu elimu ya msafara asiusahau msingi huu wake.

Jambo la pili ni bidhaa. Bara hakukuwa na sarafu, basi kila kitu kilinunuliwa kwa nguo, ushanga na masango. Nguo zilikuwa za namna mbili zaidi: merikani, nguo nyeupe ya pamba ambayo jina lake latuonyesha nchi iliyotoka, na kaniki, nguo iliyotiwa rangi ya nili. Masango ni nyuzi za chuma, za shaba au za shaba nyekundu. Katika bidhaa zote, ushanga ndio uliokuwa na hatari. Kila nchi ilikuwa na rangi yake na ukubwa wake, na mambo haya yalibadilika kama mitindo ibadilikavyo mijini. Ushanga uliopendwa mwaka jana ungeweza kukataliwa mwaka huu, na mwenye mizigo hamsini ya ushanga usiotakiwa ni maskini. Thomson alipofika Taveta aliambiwa kwamba ushanga wake wote lazima utungwe upya kwa urefu unaokubaliwa Umasaini, na watu wake wakakaa chini kutunga maelfu ya nyuzi. Elimu hii haikuwamo kitabuni. Ilikuwa kichwani mwa Jumbe Kimemeta na wenziwe, ambao walirudi kila mwaka na habari mpya za masoko ya bara.

Jambo la tatu ni chakula, na hapa tufanye hesabu, kwa maana hesabu hii yaeleza mambo mengi. Posho ya mtu mmoja ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, yaani kama robo tatu ya kilo. Watu mia nne hula kilo mia tatu kwa siku moja. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32. Basi msafara ule ulikula mizigo kumi hivi kila siku, na mizigo karibu mia tatu kila mwezi. Kama wapagazi wote wangebeba chakula tu, pasipo hema wala bunduki wala uzi mmoja wa ushanga, wangelimaliza mizigo yao yote kwa siku arubaini na zaidi kidogo, nao wangali mbali na ziwa. Kwa hiyo msafara haukuweza kubeba chakula chake. Ulikwenda kwa chakula cha watu waliokaa njiani. Hii ndiyo siri ya safari zote za bara: njia haikuwa mstari kutoka hapa mpaka kule, ilikuwa mfululizo wa mashamba ya watu, na pengo kati ya shamba na shamba ndilo lililoitwa nyika.

Shamba la mwisho katika njia ya kaskazini lilikuwa Njemps, kusini ya Ziwa Baringo. Watu wa hapo, Ilchamus, walichimba mifereji, wakanywesha mashamba ya nafaka katika nchi kame, na misafara ya pwani ikawa wanunuzi wao wakubwa. Teleki alikaa Njemps kwa majuma mengi mwishoni mwa 1887 na mwanzoni mwa 1888. Mtu asiyeelewa angedhani ni uvivu. Nafaka ilikuwa chache mwaka ule, na watu walitumwa mpaka Ukikuyu kununua nyingine, na wengine wakawinda ili nyama iokoe unga. Mbele ya Njemps hapakuwa na shamba jingine mpaka upande wa pili wa ziwa. Msafara uliondoka mwezi wa Februari, sehemu tu ya watu waliotoka Pangani, wakichukua chakula na punda.

Jambo la nne, lililo kubwa kuliko yote, ni maji. Na hapa lugha yetu imehifadhi ushahidi wa ajabu. Leo tunalitumia neno telekeza kwa maana ya kumwacha mtu au kitu bila kukijali: twasikia kwamba mzazi amewatelekeza wanawe. Kwa watu wa misafara, telekeza, au tirikeza kama wengine walivyotamka, lilikuwa neno la ufundi wa safari. Kwa kawaida msafara huondoka alfajiri, ukafika kituoni kabla jua halijawa kali, mahali penye maji. Lakini kama mbele pana mwendo wa siku nzima na zaidi pasipo maji, hufanyika hivi: watu hupumzika asubuhi penye kisima, hupika, hula, hunywa mpaka watosheke, hujaza vibuyu, kisha huondoka mchana na kwenda mpaka usiku. Hulala pakavu. Kabla ya mapambazuko huondoka tena, na kufikia maji kesho yake. Kwa njia hii watu huvuka mwendo mrefu karibu mara mbili, nao hulala usiku mmoja tu bila maji. Huko ndiko kutelekeza. Wasafiri wa Ulaya waliliandika neno hili katika vitabu vyao kwa tahajia mbalimbali, maana katika lugha zao hawakuwa na neno linalolingana nalo.

Hesabu hiyo ya telekeza haiwezekani isipokuwa mtu ajue kwa yakini maji ya pili yako wapi. Kutoka Baringo kwenda kaskazini watu wa Pangani nao walikuwa wageni, na hapo elimu ya msafara ilitegemea elimu ya wenyeji. Mwanzoni mwa Machi, baada ya mwendo wa karibu mwezi mmoja, waliliona ziwa kutoka juu ya miamba ya kusini. Waliteremka kwa taabu katika mawe makali yaliyowaka moto, watu wakakimbilia maji na kuinama kunywa, wakaonja magadi. Von Höhnel ameieleza vizuri huzuni ya saa ile. Maji yalinyweka kwa shida, na kwa siku nyingi msafara ulikwenda ukingoni mwa ziwa ukiyanywa hayo hayo.

Katika ukingo wa kusini-mashariki waliwakuta El Molo, wavuvi wachache, wakiishi kwa samaki, mamba na viboko. Hawakuwa na nafaka ya kuuza. Huko kaskazini, karibu na mlango wa Omo, waliwafikia Wadaasanach, ambao von Höhnel aliwaita Reshiat. Hao walikuwa na mashamba ya mtama na mifugo mingi, wakawapokea wageni kwa amani na kuwauzia chakula. Ni watu hawa waliookoa maisha ya msafara. Baada ya kuliona na ziwa la pili, lile jeupe, ambalo sasa liko Ethiopia na kuitwa Chew Bahir, walirudi kwa njia ya magharibi katika nchi ya Waturkana wakati wa ukame. Njaa iliwapiga sana. Isidhaniwe kwamba kila mahali walikwenda kwa amani: Ukikuyu mapigano yalitokea na mifugo ikatekwa, na katika kurudi njaa ilipozidi msafara ulichukua mifugo ya watu kwa nguvu ya bunduki. Walifika pwani mwezi wa Oktoba 1888. Wengi katika waliotoka Pangani hawakurudi. Walizikwa njiani, au waliachwa pale walipoangukia, na katika kitabu wengi wao hawana majina.

Wako wasemao kwamba safari ile ilifaulu kwa ujasiri wa viongozi wake wawili. Ujasiri haukukosekana, lakini ujasiri peke yake haukutosha, na ushahidi wa hayo ulipatikana baada ya miaka kumi na miwili. Mwaka wa 1900 Meja Herbert Austin, Mwingereza hodari aliyekwisha kuiona nchi ile mara moja, alitoka Omdurman katika Sudani na kushuka kusini hata ziwani. Alitumaini kununua nafaka kwa watu wa mlango wa Omo, kama Teleki alivyonunua. Lakini katika miaka ile majeshi ya Kihabeshi yalikuwa yameishambulia nchi, ghala zilikuwa tupu, na watu walioumizwa hawakuwa tena tayari kumpokea mgeni mwenye bunduki. Msafara ukaendelea kusini ukila punda na ngamia wake. Wengi kabisa wa watu wake walikufa kwa njaa kabla ya kuokolewa karibu na Baringo mwaka wa 1901. Ziwa lilikuwa lile lile, na ramani sasa ilikuwa bora zaidi. Kilichokosekana ni habari za karibuni za watu: nani ana chakula mwaka huu, nani ana msiba, nani ana hasira. Habari za namna hii ndizo misafara ya pwani ilizoziuliza kwanza katika kila kituo.

Utawala wa Kiingereza ulipoimarika, nyika ya kaskazini ilipata maana nyingine. Kwa sheria ya mwaka wa 1902 wilaya za mbali ziliweza kufungwa, mtu asiingie wala asitoke ila kwa hati ya ruhusa. Sehemu kubwa ya kaskazini ikawa nchi ya maaskari na makarani, iliyotengwa na masoko na shule. Serikali ilipotaka kumficha mtu, ilimpeleka huko: Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kaskazini-magharibi ya ziwa, tangu 1953 hata 1959, kisha akahamishiwa Lodwar. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, 1963 mpaka 1967. Kwa hiyo ule upweke ambao msafiri wa leo huusifu, akadhani ni kazi ya maumbile tu, kwa sehemu kubwa ni kazi ya sheria na ya bunduki. Njia za biashara zilizokwenda kaskazini zilikatwa, na nchi iliyokatwa njia zake huonekana baada ya miaka hamsini kana kwamba haikuwa nazo kamwe.

Mwaka wa 1968 uchimbaji wa Richard Leakey ulianza upande wa mashariki, na Koobi Fora ikajulikana duniani kwa mifupa ya binadamu wa kale. Hata hapa desturi ya zamani ilijirudia kidogo. Fuvu mashuhuri liandikwalo kwa namba 1470 liliokotwa mwaka wa 1972 na Bernard Ngeneo, Mkenya. Na mifupa ya yule kijana wa Nariokotome, karibu kamili, ilionwa kwanza mwaka wa 1984 na Kamoya Kimeu. Tofauti ni kwamba safari hii majina yao yaliandikwa, nayo ni maendeleo. Ili kuzilinda hazina hizi Serikali ya Kenya iliiweka Hifadhi ya Sibiloi, na mwaka wa 1975 jina la Rudolf likaondolewa, ziwa likaitwa Turkana.

Sasa msafiri wa leo ajitayarishe vipi? Tukiyashika mambo manne ya msafara tutaona kwamba hesabu zimebadilika sura tu. Njia ya gari kwenda Sibiloi hupita Marsabit na North Horr, ukingoni mwa Jangwa la Chalbi, ambalo wakati wa mvua, hasa Aprili na Mei, hugeuka tope lisilopitika. Kwa hiyo safari hupangwa kwa majira, kama misafara ilivyopanga. Petroli ni posho ya gari: baada ya Marsabit mtu asitumaini kuipata kwa uhakika, na gari, kama mpagazi, hula mzigo wake likienda. Basi apige hesabu ya kwenda, ya kurudi, na ya kupotea njia. Achukue magurudumu ya akiba mawili, maji ya kunywa ya siku zote na ya siku za zaidi, wala asitumaini ziwa, maana magadi yale yale yanamngoja. Magari yawe mawili ikiwezekana. Kwenda visiwani ni kwa mashua, nayo huondoka alfajiri au wakati upepo umetulia; katika jambo hili neno la nahodha mwenyeji lishinde haraka ya mgeni. Mamba ni wengi, basi kuoga si kila mahali.

Lakini matayarisho yaliyo makubwa ni ya kutafuta watu. Kiswahili kitamfikisha msafiri mpaka Marsabit na Loiyangalani, ambako watu wa makabila mengi hukitumia sokoni. Vijijini atasikia Kioromo cha Wagabbra, Kisamburu, Kiturkana, na Kidaasanach. El Molo wenyewe sasa husema Kisamburu, na lugha yao ya asili imekwisha kuzimika vinywani mwa wengi. Mwenye kuchukua kiongozi wa pale pale hununua kwa ujira mdogo kile alichokinunua Teleki kwa Jumbe Kimemeta: habari za mwaka huu. Kisima kipi kimekauka, malisho yako wapi, nani wamegombana na nani. Ramani haiwezi kumwambia hayo.

Na hapa pana swali ambalo msafiri mwenye haki hawezi kulikwepa. Katika siku za misafara mgeni alilipa hongo. Leo neno hili lina maana ya rushwa, ya siri na ya aibu. Zamani hongo ilikuwa ada ya njia, ikilipwa mchana kweupe kwa wenye nchi, na kwa kuilipa mgeni alikiri kwamba nchi ina wenyewe. Leo kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa Serikali, ambayo ndiyo ilindayo. Wakati huo huo wafugaji wa Kigabbra na wa Kidaasanach, ambao wazee wao walilisha pale kabla mipaka haijachorwa, huhesabiwa kuwa wavunja sheria waingizapo mifugo Sibiloi katika ukame. Simaanishi kwamba hifadhi iondolewe. Mifupa ya kale na miti iliyogeuka mawe haina mlinzi mwingine. Nasema tu kwamba aitwaye mvamizi leo huenda ni mjukuu wa mtu aliyeuza mtama ulioiokoa safari ya 1888. Wala hatari ya ziwa haitoki kwa mbuzi wake peke yao. Tangu bwawa la Gibe III lilipojengwa katika Mto Omo na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2016, mwendo wa maji ya ziwa umekuwa mikononi mwa watu wa mbali, na mwaka wa 2018 hifadhi hizi ziliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini.

Kwa kumalizia, tumeona kwamba safari ya kaskazini ilijengwa kwa elimu tatu: elimu ya Ulaya ya kupima na kuandika, elimu ya pwani ya kupanga watu, bidhaa na maji, na elimu ya wenyeji ya kuijua nchi yao. Ya kwanza ndiyo iliyoandika kitabu, ikajitaja yenyewe. Ni kazi ya wanafunzi wetu wa lugha na wa historia kuzitafuta hizo mbili nyingine. Namna ya kutafuta ipo: Sleman bin Mwenye Chande na wenziwe walisimulia safari zao kwa Kiswahili, zikachapishwa na Carl Velten mwaka wa 1901 katika Safari za Wasuaheli, na miaka miwili baadaye ikafuata Desturi za Waswahili ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Kwa njia ya Pangani na kaskazini kitabu cha namna hii hatunacho. Tunacho alichokiandika Mzungu kuhusu Jumbe Kimemeta, wala si alichokisema Jumbe Kimemeta mwenyewe. Hata hivyo maneno yake tunayo. Kila tusemapo posho, mnyapara, hongo na telekeza, tunayasema maneno ya watu wale. Yatupasa kuyarudishia habari zake, ili waliotufundisha kutelekeza nyikani wasiwe wao ndio waliotelekezwa.